Deni la ng'ambo ya Sabaki

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu, bibi wa Kigiriama aliyekwisha kupita miaka 80, hadi katika ofisi moja inayoshughulikia mambo ya ardhi hapa Malindi. Mtaani kwetu sote tunamwita Hawe, kama Wagiriama wanavyowaita bibi zao. Alikuwa amefunga kitu ndani ya leso, na tulipofikiwa na zamu akakifungua polepole juu ya meza ya karani: kikopo bapa cha bati, chenye matundu mawili ya kupitishia kamba, kimeliwa na kutu upande mmoja hadi kikawa chepesi kama gamba. Ni kikopo cha kipande cha babu yake, kile ambacho wanaume wa Kiafrika katika koloni hili walilazimishwa kukivaa shingoni baada ya vita vya kwanza vya dunia, na aliyekutwa bila kipande alishtakiwa. Karatasi iliyokuwa ndani ilimalizwa na mchwa zamani. Karani alikitazama, akakirudisha kwa adabu, akamweleza Hawe kwamba bila hati hana la kumfanyia.

Neno hilo, hati, halijanitoka moyoni tangu siku ile, kwa sababu nyumbani kwetu hati ipo. Marehemu baba yangu aliihifadhi katika sanduku la mbao pamoja na msahafu wa babu yake, na mimi nikairithi pamoja na ndugu zangu. Ni hati ya shamba lililoko upande wa Mambrui, kaskazini ya mto Sabaki, na ilitolewa chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo iliwataka watu wote wa pwani wenye madai ya ardhi wayapeleke kwa msajili ili yathibitishwe, na kila ardhi ambayo haikudaiwa au haikuthibitishwa ikahesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Waarabu, Waswahili na Wahindi, waliokuwa na waandishi na waliozoea mambo ya karatasi, walipeleka madai yao. Wamijikenda, yaani makabila tisa ya pwani wakiwamo Wagiriama, walikuwa wakiishika ardhi kwa ukoo, na mipaka yao ilikuwa miti, makaburi na kumbukumbu za wazee, kwa hiyo mbele ya sheria ile walikuwa kama watu wasiokuwapo. Karani alipomwomba Hawe hati, alimwomba kitu ambacho serikali ilikwisha kuhakikisha, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba hatakuwa nacho.

Ndiyo maana ninapowasikia watu wakijadili kama serikali zinadaiwa chochote na wajukuu na vitukuu vya waliotendewa ukatili kwa sababu ya rangi yao, huwa silioni jambo hili kuwa la Wamarekani peke yao. Mimi naamini zinadaiwa, na nitaanzia hapa mtoni.

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliwataka Wagiriama watoe kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, akawakusanya watu, akawalisha kiapo wasitii, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akakamatwa pamoja na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mwisho mwingine kabisa wa nchi. Walitoroka, wakarudi nyumbani. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, mahali patakatifu pa kabila zima, na vita vikazuka. Nyumba zilichomwa moto, mbuzi wakatekwa, watu wakauawa kwa risasi. Baada ya hapo Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, na waliokuwa wakilima kaskazini ya Sabaki, kwenye ardhi yenye rutuba, wakaamriwa wavuke warudi kusini. Babu yake Hawe alikuwa miongoni mwao. Hawe husimulia kwamba mtama ulikuwa umesimama shambani, na kwamba bibi yake alivuka mto na kinu kichwani kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho askari hawakukitaka.

Naliita jambo hili ukatili wa rangi bila kusita. Waliotozwa faini hawakutozwa kwa kosa la mtu mmoja mmoja, walitozwa kwa kuwa Wagiriama, na waliondolewa ng'ambo ya mto ili wasipate ardhi nzuri ya kujitegemea, kwa maana mwenye chakula chake haendi kuwa kibarua wa mtu.

Watu wema kabisa huniambia kwamba waliotenda wamekufa na waliotendewa wamekufa, basi deni limekufa nao. Lakini sisi Waislamu wa pwani tunaijua sheria ya mirathi, na hata jirani zetu wasio Waislamu wanaifahamu kwa kutuona tukiifuata: mali ya maiti haigawanywi kabla deni lake halijalipwa. Mrithi halazimiki kulilipa deni la baba kwa jasho lake mwenyewe, ila haruhusiwi kuichukua mirathi na kuliacha deni. Na serikali hata haifi. Ile ya Uingereza iliyoilipua Kaya Fungo ndiyo hiyo iliyopo London leo, ikiwa na hazina yake na mabunge yake yasiyokatika.

Tena inajua kubeba deni kwa vizazi, inapotaka. Ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, na mkopo uliochukuliwa kwa ajili hiyo ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Walipa kodi waliozaliwa zaidi ya karne moja baadaye walikuwa wakiulipa, na miongoni mwao walikuwamo wajukuu wa watumwa wenyewe. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba mambo ya kale yaachwe.

Linaloniumiza zaidi ni namna muda unavyotumiwa. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9, baada ya kujitetea kwa miaka kwamba jukumu lile lilihamia kwa serikali ya Kenya mwaka 1963. Nilifurahi siku ile. Lakini waliolipwa ni waliokuwa hai, na mzee aliyefariki mwaka mmoja kabla, watoto wake hawakupata kitu. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walipofungua kesi yao, mahakama ya London iliitupa mwaka 2018, na sababu kubwa ikawa kwamba muda umepita mno. Marekani nako, mtaa wa Greenwood mjini Tulsa, makao ya Weusi waliokuwa wamefanikiwa, uliteketezwa na kundi la wazungu tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo la Oklahoma ikaikataa kesi ya manusura wawili wa mwisho, kila mmoja akiwa ameishi zaidi ya miaka 100. Basi mjukuu anaambiwa yuko mbali mno na jambo, na aliyeliona kwa macho yake akija, naye anarudishwa. Mdaiwa akijua kwamba akikaa kimya vya kutosha atasamehewa, atakaa kimya. Dawa ya deni ni kulipa, na kulisubiri lisahauliwe ni dhuluma ya pili.

Wasemao kwamba haiwezekani kumjua nani mzao wa nani, nawaomba watazame Rosewood, kijiji cha Weusi huko Florida kilichochomwa mwezi wa Januari 1923. Mwaka 1994 bunge la jimbo lilipitisha malipo ya dola 150,000 kwa kila manusura, likatenga fedha kwa familia zilizopoteza mali, na likaanzisha ufadhili wa masomo kwa wazao wao. Wazao walipatikana, na jimbo halikufilisika. Na kwa hili Wagiriama wana hazina kubwa kuliko wengi, maana mzee wa ukoo atakutajia mbari yake na makaburi ya baba zake bila kufungua kitabu.

Fedha peke yake haitoshi, na hili tumelionyeshwa na Namibia. Mwezi wa Mei 2021 Ujerumani ilikiri mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama ya mwaka 1904 hadi 1908, ikaahidi yuro bilioni 1.1 kwa muda wa miaka 30 kwa miradi ya maendeleo, lakini ilikataa kuyaita malipo hayo fidia, na viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakayapinga kwa sababu serikali mbili zilikaa mezani wao wakiwa nje. Anayelipwa asipoulizwa amepoteza nini, huo ni msaada, na msaada hutolewa kwa hisani ya mtoaji.

Nairobi nayo isijifiche nyuma ya London. Ardhi iliyoitwa ya Mfalme iligeuka kuwa ardhi ya serikali mwaka 1963, ikaendelea kugawiwa watu, na Wamijikenda wengi wakabaki maskwota katika ardhi ya babu zao. Huko ndiko kuchukua mirathi na kuliacha deni. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais mwezi wa Mei 2013, na Machi 2015 Rais aliomba radhi mbele ya Bunge na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Hawe aliisikia hotuba hiyo redioni. Mpaka leo hajaona hata barua.

Lililobaki ni zito kwangu kuliko yote, nami ningependa ndugu zangu walisome bila kukasirika. Malindi ya mwishoni mwa karne ya 19 ilitajirika kwa mtama na ufuta uliolimwa na watumwa, na waliotoroka walikwenda kujenga maskani yao bara, kama vile Fuladoyo. Utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, serikali iliwafidia mabwana. Watumwa hawakupewa fedha wala ardhi. Babu wa baba yangu alikuwa na shamba kubwa kuliko mikono ya wanawe, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza lilikuwa likilimwa na nani. Nimeuliza mimi. Bado sijajibiwa, lakini kanuni ya mirathi niliyoitaja hapo juu haikuandikwa kwa ajili ya wafalme tu.

Wiki mbili baada ya kurudi kutoka ile ofisi nililifungua sanduku la baba na kuisoma hati yote kwa mara ya kwanza maishani, pamoja na ramani yake. Iliandikwa kabla ya vita vya 1914. Inataja mipaka minne: mashariki njia ya Mambrui, kusini shamba la jamaa yetu mmoja, kaskazini bonde, na magharibi, kwa Kiingereza cha mkono uliopinda, mashamba ya Wanyika. Ndivyo watu walivyowaita Wamijikenda wakati huo, na jina hilo hawalipendi. Lakini serikali iliyosema hawakuwa na ardhi pale imeandika yenyewe, kwa mkono wa mpimaji wake, kwamba walikuwapo na walikuwa wakilima.

Nilitoa nakala nikampelekea. Hawe aliishika kwa mikono miwili akaniuliza, "Hapa pameandikwa nini, mwanangu?" Nikamsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia, kisha akauliza kama jina la babu yake limo. Nilimwambia halimo, limo la watu wake wote tu. Alinyamaza kidogo, akaikunja nakala mara nne, akaifunga ndani ya leso pamoja na kile kikopo. Kaka yangu mkubwa ameniambia kwamba ninatafuta balaa la kutunyang'anya shamba, na tumezungumza mara tatu bila kuelewana. Jumatatu saa tatu asubuhi mimi na Hawe tutarudi ofisini, na safari hii nitaichukua hati yenyewe.