Kuunga reli za treni ndogo
Jana usiku nilimaliza kuunga reli za treni yangu ya mfano ya kipimo cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi, ambayo upana wa njia yake ni milimita 16.5 tu, na nimeona kwamba kazi yote imo katika ncha za reli. Baada ya kukata kwa msumeno mwembamba, nilisugua kila ncha kwa tupa ndogo, hasa upande wa chini, mpaka kiungio cha bati, kile kinachoshika ncha mbili za reli pamoja, kikaingia bila kulazimishwa. Kisha nikapitisha ukucha juu ya ungio, kwa sababu ukucha ukikwaa, gurudumu nalo litakwaa. Kwenye kona nililehemu reli zikiwa bado zimenyooka, ndipo nikazipinda. Kwingineko niliacha mwanya mwembamba, ili reli zipate nafasi ya kutanuka wakati wa joto.