Kushtua lori lisilo na moto: nilivyofanya Makambako

Kichwa cha semi ninachoendesha ni cha volti 24: betri mbili za saizi ya N150, kila moja volti 12, zimefungwa kwa mfululizo. Asubuhi ya Julai, Makambako, mkoani Njombe, nikazungusha ufunguo; stata ikalia "tik, tik", taa za dashibodi zikafifia. Ikabidi dereva mwenzangu anishtue, yaani aniazime umeme wa lori lake kwa waya. Baridi ya huku haiui betri nzima, inaiumbua iliyochoka. Nguvu ya betri inapungua saa ileile ambayo oili imekuwa nzito na injini inadai zaidi. Na redio ilikuwa imelala ikiimba.

Nilianza na mita ya kupimia umeme. Betri mbili nzima zilizopumzika husoma kama volti 25.4 kwa pamoja. Zangu zilisoma 22: moja 11.8, nyingine 10.2. Hiyo 10.2 nikaiweka kichwani. Nikakwangua unga mweupe kwenye vichwa vya betri, nikakaza vifungio kwa spana namba 13. Usiruke hatua hii, maana mara nyingi betri inasingiziwa wakati kifungio ndicho kimelegea. Betri iliyopasuka au kuvimba haishtuliwi kabisa, inatolewa.

Kusukuma sikukubali. Upepo wa breki ulikuwa umeshuka usiku, na breki za springi, ambazo hujifunga upepo ukiisha, zimeshika magurudumu. Ukizilegeza kwa nguvu unabaki na mzigo wa tani nyingi usio na breki.

Lori la kusaidia lazima liwe la volti 24. Usihesabu betri tu: kuna pikapu zenye betri mbili zilizofungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), umeme ukabaki volti 12. Pima. Waya wetu ulikuwa mnene, milimita za mraba 70, mita tano. Vile vyembamba vya magari madogo vinachemka mkononi na stata haipati kitu, kwa sababu inanyonya mamia ya ampea.

Malori yasigusane. Yote mawili yazimwe, gia fri, hendibreki, magogo kwenye matairi, taa na redio zifungwe. Kwenye kubana waya ndipo penye mtego ninaouogopa kuliko yote. Betri zikiwa mbili kuna vichwa vinne, na viwili kati yake vimeunganishwa na waya mfupi, ule wa daraja. Ukibana nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi ya betri hiyohiyo moja, unaingiza volti 24 kwenye betri ya 12. Itachemka, inaweza kupasuka na kukurushia asidi usoni. Mimi huufuata waya kwa mkono: chanya ninayoitaka ni ile inayotoa waya mnene kwenda kwenye stata, na hasi kuu ni ile inayoshuka kwenye chesisi. Nikabandika kipande cha utepe mwekundu kwenye hiyo chanya, ili hata utingo asikosee gizani.

Mpangilio ulikuwa huu. Nyekundu kwenye chanya kuu yangu, ncha yake ya pili kwenye chanya kuu ya mwenzangu. Nyeusi kwenye hasi kuu ya mwenzangu, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini yangu, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Kwa hiyo sigara pia ikazimwe mbali.

Mwenzangu akawasha, akashika mizunguko kama 1,200 kwa dakika. "Piga basi, suka!" akaniambia baada ya dakika mbili. Nikamwomba tuvute subira. Ukipiga mapema, betri zako zilizoishiwa umeme zinanyonya kile kidogo kilichokuja, stata inabaki na makombo. Tulikaa dakika 15, halafu akazima injini yake ili altaneta yake, ile jenereta ya injini inayochaji betri, isibebe mzigo wa stata yangu. Nikapiga sekunde 10, ikasaga taratibu, ikakataa. Nikapumzisha stata dakika mbili. Akawasha tena dakika 10, akazima, nikapiga tena. Ikashika. Ukizidisha sekunde 15 kwa mpigo unaweza kuchoma stata, na hapo tatizo la betri linageuka tatizo la kuvutwa.

Kabla ya kugusa waya niliwasha taa kubwa na feni ya kebini, ziumeze mruko wa umeme utakaotokea wakati wa kutenganisha. Nikatoa kinyumenyume: nyeusi kwenye chuma cha injini yangu, nyeusi kwa mwenzangu, nyekundu kwake, nyekundu kwangu. Kifungio cha betri zangu zenyewe sikukigusa injini ikiwa inawaka. Kuna watu wanakifungua "kujaribu altaneta", wanaua kompyuta ya injini. Altaneta inapimwa kwa mita: yangu ilisoma 28.1, na 27.5 hadi 28.5 ni nzuri. Tukasubiri upepo wa breki ujae, ndipo tukatoa magogo.

Nilipofika Uyole, Mbeya, nilizima, nikaacha lori lilale, nikapima asubuhi. Moja 12.6, nyingine 10.5. Betri ya volti 12 ina vyumba sita vya volti 2.1 kimoja, kwa hiyo 10.5 baada ya kuchajiwa safari nzima maana yake chumba kimoja kimekufa. Fundi alitaka kubadilisha hiyo moja tu. Nilinunua mbili, aina moja na umri mmoja, kwa sababu mpya ikifungwa mfululizo na mzee, moja inachajiwa kupita kiasi na nyingine haishibi.