Samai ya Maalim: nilivyomtungia mwalimu wangu wa fidla bila mashairi

Nimemaliza, alhamdulillahi. Samai, yaani kipande cha ala tupu chenye sehemu nne na kiitikio, niliyomtungia Maalim wangu imepigwa mbele ya watu, mjane wake ameketi safu ya kwanza, na haina hata ubeti mmoja. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa nilipokuwa natunga ungeiua kazi hii mapema, na naamini yuko mwanafunzi mwingine anayeambiwa maneno yaleyale sasa hivi.

Maalim alipiga fidla kwenye taarab za mjini Unguja maisha yake yote. Kitu kimoja kilimuuma: bashraf, kile kipande cha ala cha kufungulia, ikianza, watu bado wanatafuta viti. Ndivyo ilivyo. Ukumbini huo ni muda wa kusalimiana, kila mtu anamngoja mwimbaji apande akamtunze. Kwa hiyo nilipoambiwa nitafute mshairi, eti kumbukumbu isiyo na maneno haieleweki, nilikataa. Mwimbaji angeingia, fidla ingerudi nyuma tena, na Maalim alikuwa mtu wa fidla.

Nilichagua ala tano: fidla moja, udi, ganuni (ile ya nyuzi nyingi inayolazwa), akodiani na cello, fidla kubwa ya sauti nzito. Rika, ile tari ndogo, nikampa mtu akae pembeni apige taratibu. Taarab imezoea fidla safu nzima zikipiga pamoja, na niliulizwa mara nyingi kwa nini moja. Arensky wa Urusi alipomtungia marehemu Tchaikovsky kwarteti, kipande cha ala nne, mwaka 1894 alitoa fidla moja akaweka cello mbili, sauti ikawa nzito na chini. Niliposikia vile nilijua nami nataka kiti kimoja kibaki wazi.

Saba ndiyo iliyonitesa. Hiyo na Bayati ni maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, “Mwanangu, msiba ni Saba. Bayati kapigieni harusini.” Wengine wote wakaitikia. Mimi nilishakuwa na kiitikio cha Bayati, na kiitikio chenyewe kilikuwa Maalim anavyolinganisha nyuzi zake. Alizifunga kwa mtindo wa Kiarabu, Sol Re Sol Re, si Sol Re La Mi ya Ulaya, na kabla ya kila somo alizipitia zote nne kwa upinde, polepole, kutoka chini kwenda juu. Hizo sauti nne nazisikia hata usingizini. Lakini mkubwa akisema husikilizwa, basi nikakihamishia kipande chote Saba, tukakaa kukijaribu.

Haikuwezekana kabisa. Saba huanzia Re kama Bayati, na sauti tatu za mwanzo ni zilezile: Re, ile Mi ya katikati ambayo piano haina, kisha Fa. Zinaachana kwenye ya nne. Bayati inakwenda Sol, Saba inaishusha Sol nusu. Sasa fidla yenye nyuzi mbili za Sol uifanyeje? Kila tulipofika kwenye kiitikio, nyuzi za Maalim ziligombana na ganuni. Mpiga ganuni alidhani ameweka vibaya vile vyuma vidogo vya kubadilishia sauti, akaanza kuvikagua kimoja kimoja, na ganuni ina nyuzi zaidi ya 70. Mpiga udi akalaza ala yake mapajani akanyamaza. Tukanywa kahawa, tukatawanyika.

Nikairudisha Bayati. Ila ile Sol iliyoshushwa ilinibaki kichwani, na humo ndimo nilimopata kitu ninachojivunia kuliko vyote. Khana, yaani sehemu, ya 1 na ya 2 zinakwenda Bayati tupu, na kila kiitikio kinaitaja Sol mpaka sikio linaizoea kama mlango wa nyumbani. Khana ya 3 fidla inapanda juu, inateremka, na pale Sol inapongojewa inatoka ile ya Saba. Mizunguko miwili tu. Sauti hiyo hutafutwa kwa kidole kwenye uzi wa Re, kwa hiyo nyuzi mbili za Sol, uzito wote wa fidla ya Maalim, zinakaa kimya. Kisha kiitikio kinarudi na Sol yake. Wasikilizaji wengi hawajui Saba ni nini, lakini palepale waliacha kujipepea.

Akodiani nayo niliambiwa niitoe kwa kuwa haina ile Mi. Haitoki! Aliyeipiga ni rafiki wa Maalim wa tangu ujana. Nilimwandikia Re, Fa, Sol, La na Do, Mi nikawaachia fidla na udi. Kwenye ile mizunguko ya Saba anashikilia Re peke yake. Ukitunga na akodiani jaribu hivyo kabla hujamfukuza mtu.

Mapigo ya samai ni 10: dum, pigo zito, ni la 1, la 6 na la 7; tak, pigo jepesi, ni la 4 na la 8. Khana ya 4 hubadilika, nami niliipeleka mwendo wa mapigo sita, kwa sababu Maalim alikuwa mcheshi na sikutaka watu waondoke wameinama.

Gharama ni nauli, kahawa, tende, na seti ya nyuzi za ganuni niliyoagiza nje, ambayo ndiyo iliyokula fedha. Wazee hawasomi nota, basi kila mmoja nilimrekodia sehemu yake kwenye simu, taratibu, akaisikiliza nyumbani. Walishika haraka kuliko vijana wenye makaratasi.

Ruhusa ya watu wa nyumbani niliiomba mapema. Hitma ilisomwa kwa siku yake, muziki haukuchanganywa nayo, na nilisubiri mjane atoke eda, miezi minne na siku kumi. Nisingepiga hata uzi mmoja kabla ya hapo.

Yule mzee wa Saba alikuja. Alipomaliza kusikiliza aliniuliza ile Sol nimeitoa wapi, akaomba arekodiwe sehemu ya udi. Nimempelekea.