Swali la Nyanya Kuhusu Jinamizi

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai mwaka 2011, nilipokuwa mwanafunzi wa falsafa na nikiishi katika chumba cha kupanga mtaani Pangani, niliamka nikajikuta siwezi kuinua hata kidole. Macho yalikuwa wazi: niliona mwanga wa taa ya barabarani ukipenya pazia, nikasikia maji yakidondoka tone kwa tone ndani ya mtungi wa plastiki. Kifua kilikuwa kimebanwa. Upande wa ukutani, ambako hapakuwa na nafasi hata ya mto wa pili, palikuwa na mtu. Sikumwona wala sikumsikia, ila nilijua yupo. Adhana ya alfajiri ndiyo iliyonizindua.

Asubuhi nilikwenda Majengo, nikamkuta nyanya barazani na ungo mapajani, akichagua mawe kwenye mchele. Niliposimulia, hakushangaa.

"Jinamizi limekukaba. Nimekukanya tangu utotoni usilale chali."

Nilitarajia aniandalie kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, ninywe, lakini aliuliza, "Ulimwona, au ulijua tu yupo?"

"Nilijua tu, nyanya."

"Na alikaa vipi?"

Swali hilo lilininyamazisha, kwa sababu jibu nilikuwa nalo bila kufahamu kwamba ninalo: alikuwa amelala chali, mikono kifuani, sawasawa na mimi.

Maelezo ya kitabibu niliyapata baadaye bila taabu. Wakati wa usingizi wa ndoto, shina la ubongo huzuia misuli ya mwili isitende yale tunayoyaota, isipokuwa hasa ile ya macho na kiwambo cha kuvutia pumzi. Fahamu zikirejea kabla ya kizuizi kuondoka, mtu hubaki macho ndani ya mwili usiomtii, na mara nyingi hali hiyo humpata aliyelala chali. (Nyanya hakuhitaji maabara kulijua hilo.) Lakini habari za misuli zilinieleza kwa nini sikuweza kusogea, si kwa nini nilikuwa na mwenzangu.

Miaka miwili baadaye nilisoma taarifa iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2006 na watafiti wa Uswisi, akiwamo Olaf Blanke. Walipokuwa wakimchunguza mwanamke mwenye kifafa, walipitisha umeme kidogo upande wa kushoto wa ubongo wake, pale zinapokutana sehemu zinazomjulisha mtu mwili wake uko wapi. Alihisi kivuli cha mtu nyuma yake. Akilala, kivuli nacho kililala; alipoketi na kukumbatia magoti yake, kikaketi na kumkumbatia yeye. Niliisoma aya hiyo mara tatu, nikakumbuka ile mikono kifuani.

Mwanafalsafa David Chalmers aliita "tatizo gumu", mwaka 1995, swali la kwa nini kazi ya ubongo iambatane na kuhisi kokote. Mimi naliona hata katika jaribio hilo, maana umeme ulionyesha mahali pa kugusa, bali haukueleza kwa nini mguso huo uonekane kwa mwenyewe kuwa ni mtu.

Nilirudi Majengo kumsimulia nyanya kisa cha yule mwanamke. Alisikiliza hadi mwisho, akatupa jiwe dogo uani.

"Walipozima umeme wao," akauliza, "alifurahi au alimkosa?"

Taarifa haikusema.