Unyoya Usigeuke Jani: Kuchora Nembo Binafsi Kutokana na Ishara Uipendayo

Mtu akiuchagua unyoya kuwa nembo yake huwa na mengi ya kuueleza: wepesi, uandishi, safari. Mtazamaji haelezwi hata moja. Anaona umbo tu, tena kwa kupepesa jicho, na unyoya ukipunguzwa hadi ikoni ya kivinjari, pikseli 16 kwa 16, unakuwa jani.

Basi tafuta kwanza kinachoitenga ishara yako na vitu vinavyofanana nayo. Kwa unyoya ni viwili: mpasuo wa ubavuni na uti mtupu unaochomoza chini. Hivyo vibaki, nyuzi nyingine zote zifutwe. Rob Janoff, aliyechora tufaha la Apple mwaka 1977, alilimega upande mmoja ili lisidhaniwe cheri. Kazi ni ileile.

Chora michoro 20 au 30 ndani ya visanduku vya sentimita 2, kwa kalamu nene. Penseli kali inadanganya, maana inakuruhusu kuchora vitu ambavyo nembo ndogo haiwezi kuvibeba. Tumia nyeusi tu. Nembo isiyoeleweka bila rangi itakwama kwenye muhuri.

Kwenye kompyuta tumia programu ya vekta, yaani inayochora umbo kwa nukta na mistari inayoziunganisha badala ya pikseli. Inkscape ni ya bure na inatosha. Achana na amri ya kugeuza picha kuwa vekta yenyewe: humwaga nukta mia panapotosha kumi, ukingo ukajaa vinundu. Fuatisha mchoro kwa mkono, nukta ukiziweka pale mkunjo unapofika mwisho wake, juu, chini, kushoto na kulia.

Unene una hesabu yake. Ukichorea turubai ya pikseli 320, kila pikseli 20 zitabanwa kuwa moja kwenye ikoni. Mstari au mwanya ulio chini ya 20 utakuwa ukungu wa kijivu. Mpasuo ndio hufa kwanza, kwa hiyo uupanue hadi 30, hata ukionekana umezidi. Wino nao husambaa kwenye karatasi na kuziba mianya.

Picha ya wasifu mara nyingi hukatwa duara. Mraba unaoenea ndani ya duara una upande wa takriban asilimia 70 ya kipenyo, baki humo. Usiiamini sana amri ya kuweka katikati: programu hupima kingo, jicho hupima uzito. Unyoya ni mzito juu, basi ushushe kidogo.

Toleo jeupe juu ya nyeusi huonekana nene zaidi. Lichoree faili lake, jembamba kidogo.

Kama kuna jina, geuza herufi ziwe maumbo kabla ya kutuma, la sivyo kompyuta isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine. Nakala yenye herufi zinazoharirika ibaki kwako. Hifadhi SVG, yaani faili la vekta, PDF ya mchapaji na PNG isiyo na mandharinyuma. JPEG haina uwazi. Itakubandikia kisanduku cheupe nyuma ya unyoya.