Wi-Fi ya bure mjini Tanga: ninavyoipata na ninavyoitumia bila kulizwa

Nikiwa safarini Tanga nagawa kazi za mtandaoni mafungu mawili. La kwanza ni mizigo mizito isiyo na siri: kushusha ramani, kusasisha programu, kupandisha picha, kutazama mpira. Hiyo ni kazi ya Wi-Fi ya bure. La pili ni pesa na utambulisho: programu ya benki, kulipa kwa kadi, fomu inayotaka namba ya NIDA, kubadilisha pasiwedi ya barua pepe. Hilo nalifanya kwa bando la laini yangu, hata kama Wi-Fi ya hapo nilipo inakwenda kasi. Muamala wa benki hauli data nyingi. Kinachomaliza bando ni video, kwa hiyo bando dogo la siku linatosha fungu la pili na linabaki.

Pesa za simu zenyewe hazihitaji intaneti. Ukibonyeza *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, ombi linapita kwenye mnara wa kampuni ya simu, haligusi rauta ya mgahawa. Angalia tu jambo moja: wapo wanaoweka simu kwenye hali ya ndege kisha wakawasha Wi-Fi peke yake ili kutunza chaji. Hapo laini imezimwa, menyu haifunguki, na ujumbe wa benki wenye namba ya uthibitisho hauingii.

Ramani naishusha kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu stendi ya Kange iko nje ya katikati ya mji na si vizuri kuanza kutafuta mtandao huku bodaboda wamekuzunguka. Kwenye Google Maps unagusa picha yako juu kulia, unachagua ramani za nje ya mtandao, kisha unavuta mraba ufunike Kange, Ngamiani, Chumbageni na Raskazone. Kama utakwenda mapangoni, uvute mpaka Amboni. Usitegemee Wi-Fi ya basi kwa kazi hiyo. Ile ni rauta yenye laini ya simu ndani, abiria wote wanagawana laini moja, na pale mtandao wa simu unapokatika njiani nayo inakatika. Simu yako yenye bando itafanya vizuri zaidi.

Mjini natafuta kwanza hoteli zenye mgahawa, za katikati ya mji na za upande wa Raskazone, halafu mikahawa ambayo watu hukaa na kompyuta. Gesti za Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, nyingine zinayo na nyingine zina kibao tu mlangoni. Ukiuliza "mna Wi-Fi?" utajibiwa ndiyo popote uendapo, kwa hiyo mimi huuliza hivi kabla ya kulipia chumba: rauta imekaa wapi, inafika chumba hiki, na umeme ukikatika inaendelea? Kisha naomba nijaribu nikiwa nimesimama chumbani, mlango umefungwa. Swali la umeme lina maana yake. Rauta haili umeme mwingi, na betri ndogo inaweza kuiweka hewani kwa saa kadhaa, lakini asiye na betri wala jenereta anakuacha gizani pande zote mbili.

Suala la kuta watu hulidharau. Tanga ina majengo mengi ya enzi ya Wajerumani na Waingereza, na kuta zake ni nene. Wi-Fi nyingi hutoka kwa masafa mawili: 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya 5 ina kasi kubwa lakini haipendi kuta. Ya 2.4 inapenya zaidi, ila ni ya polepole na ina msongamano, kwa kuwa chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu (1, 6 na 11) na majirani wote wanazigombania. Ukiona jina la hoteli limejirudia na moja lina "5G" mwishoni, chukua hilo ukiwa mapokezi au mgahawani, na lile la kawaida ukiwa chumbani nyuma ya ukuta. Hiyo 5G haina uhusiano na 5G ya simu.

Vijiti vya Wi-Fi vikijaa, maana yake uko karibu na rauta, basi. Havisemi chochote kuhusu kasi ya rauta kwenda nje. Fungua fast.com, ngoja namba itulie, kisha bonyeza uone na kasi ya kupandisha, maana huko ndiko mikutano ya video inakofia. Ukipata Mbps 2 (megabiti mbili kwa sekunde) kwenda na kurudi, simu ya video ya watu wawili inaenda. Pima tena saa mbili usiku, wageni wakisharudi vyumbani. Namba ya asubuhi inadanganya.

Ukiwa mgahawani, agiza kwanza, hata chai na maandazi. Halafu: "Samahani dada, naomba jina la Wi-Fi yenu na pasiwedi." Jina ndilo muhimu kuliko pasiwedi. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuwasha hotspoti na kuipa jina la mgahawa, kisha data ya wote watakaojiunga ikapita mkononi mwake. Simu haitambui rauta kwa sura. Inatambua jina na aina ya ulinzi tu. Kwa hiyo ukiona majina mawili yanayofanana, moja lina kufuli na jingine halina, muulize mhudumu akuonyeshe lipi ni lao, herufi kwa herufi. Asipojua, tumia bando.

Pasiwedi ikibandikwa ukutani kila mteja anayo, na tapeli anayo. Kwenye ulinzi wa WPA2, ambao bado ndio uliozoeleka, mwenye pasiwedi hiyo hiyo akinasa mawasiliano ya ule muda simu yako inapojiunga, anaweza kusoma chochote kisicho na kinga nyingine. WPA3, iliyotoka 2018, imeziba tundu hilo, lakini rauta nyingi za zamani hazina. Kinachotuokoa ni kwamba tovuti na programu nyingi siku hizi zinafunga mawasiliano zenyewe kwa HTTPS. Mwenye rauta ataona kwamba umefungua tovuti fulani, hataona ulichoandika humo. Ndiyo maana sina wasiwasi kusoma habari au kuchati WhatsApp kwenye Wi-Fi ya watu. Lakini kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti, yaani uthibitisho kwamba tovuti ni yenyewe, si salama, usibonyeze "endelea". Kwanza tazama saa na tarehe ya simu, kwa kuwa tarehe ikiwa imekosewa vyeti vyote huonekana vibovu. Tarehe ikiwa sawa na onyo likabaki, ondoka kwenye mtandao huo.

Siku hizi vibandiko vya QR viko mezani. Ukielekeza kamera, soma maandishi kabla ya kugusa. Msimbo halisi wa Wi-Fi huanza na WIFI: na ndani yake kuna jina la mtandao, au simu inakuuliza moja kwa moja kama ujiunge. Ukiona unaanza na http, huo unakupeleka kwenye tovuti. Inaweza kuwa menyu ya chakula, inaweza kuwa mtego. Pitisha ukucha pembeni uone kama kibandiko kimebandikwa juu ya kingine.

Sasa ule ukurasa wa kuingilia, unaotaka ubonyeze kukubali au uweke vocha. Huu ndio unaosumbua wageni kuliko kitu kingine, na mara nyingi tatizo liko kwenye simu. Ukigoma kutokea, zima data ya laini, kwa sababu simu ikiona Wi-Fi haina njia inarudi kwenye laini kimyakimya. Zima VPN kama ipo, ile programu inayofunga mawasiliano yako na kuyapitisha kwenye seva ya mbali. Kwenye Android nenda Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya Faragha (DNS ndiyo huduma inayotafuta anwani za tovuti), urudishe kwenye kiotomatiki; kama uliandika mtoa huduma wako humo, rauta haiwezi kukuelekeza kwenye ukurasa wake. Kisha andika neverssl.com kwenye kivinjari. Tovuti hiyo haina HTTPS kwa makusudi, kwa hiyo rauta inaweza kuikatiza na kukuletea ukurasa. Ukishaingia, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Vocha nyingi hufungwa na anwani ya MAC ya simu yako, ile namba inayotambulisha kifaa kwenye Wi-Fi. Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutoa anwani ya nasibu kwa kila mtandao, na hilo ni jema kwa faragha. Usigeuze mpangilio huo katikati ya vocha. Rauta itakuona mgeni mpya na muda uliobaki utapotea.

Ukurasa ukitaka jina na namba ya simu, naelewa. Ukitaka namba ya NIDA, pasiwedi ya barua pepe, au kukupakulia programu au cheti ili uunganishwe, funga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hakuna mgahawa unaohitaji kitambulisho chako ili upate mtandao wa kunywea chai.

Mara nyingine simu inang'ang'ania kutafuta anwani ya IP, namba ambayo rauta hukipa kila kifaa kinachojiunga, na haifiki popote. Rauta ndogo hugawa anwani zisizozidi 253, nyingine 100 tu, na kila anwani hubaki imeshikwa kwa saa kadhaa hata mteja akishaondoka. Zikiisha, anayeingia anabaki nje huku vijiti vimejaa. Kompyuta hapo itajipa anwani inayoanza na 169.254, nayo ni dalili ya wazi. Mwombe mhudumu azime rauta, ahesabu mpaka thelathini, aiwashe.

Kuhusu VPN, inasaidia kwenye mtandao usio na kufuli, lakini hapa kwetu ina masharti. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza kutumia nyenzo hizo kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Kama kazi yako inaihitaji, mwajiri ashughulikie usajili. VPN za bure sizitaki kabisa: unamkwepa mwenye rauta unampa data yako yote mtu usiyemjua. Na zile programu zinazojitangaza kwamba zinafungua Wi-Fi ya jirani ziache. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na baadhi ya programu hizo hufanya kazi kwa kukusanya pasiwedi za watumiaji wake, ya nyumbani kwako ikiwemo.

Kompyuta ya Windows ikikuuliza aina ya mtandao, chagua wa umma, ili mafaili yako yasionekane kwa meza za jirani. Kama Wi-Fi ina kikomo cha data, washa pia alama ya kwamba muunganisho unapimwa (metered connection), la sivyo masasisho yatameza vocha yote kabla hujafungua barua pepe ya kwanza.

Ukimaliza, ingia kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa na ufute ule wa mgahawa, au angalau uzime kuunganisha kiotomatiki. Mtandao wa wazi ukibaki kwenye orodha, simu itajiunga na hotspoti yoyote yenye jina hilo hilo, iwe Tanga, Muheza au Kariakoo, bila kukuuliza. Na kama ulitumia kompyuta ya mapokezi kufungua WhatsApp ili uchapishe tiketi, fungua simu yako, vifaa vilivyounganishwa, uondoe kompyuta hiyo. Kufunga dirisha pekee hakutoshi. Atakayekaa kiti hicho baada yako atazikuta meseji zako zikiendelea kuingia.