Nimerudi Unguja, na nyuzi za kanuni bado zinalia Vuga

Wenzangu wa Muscat, mlinambia Mji Mkongwe umekwisha: nyumba zimegeuka hoteli, wenyeji wamehamia Fuoni na Kiembe Samaki, na kilichobaki ni duka la vinyago kila mlango. Nimeshazunguka vya kutosha sasa, kutoka Forodhani mpaka Vuga na kurudi kwa njia ya Malindi, kwa hiyo nawajibu.

La nyumba ni kweli. Mtaani kwetu sijui tena nimpigie hodi nani. Aliyelala pale leo, kesho ana ndege. Na Beit el-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020 likaua watu wawili. Mie niliyekuwa nalipita kila siku nikienda skuli bado sijazoea kulitazama.

La vinyago ni nusu kweli. Gizenga na Hurumzi zimejaa picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianzia Dar mwaka 1968, rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba, akafariki 1972, na mtindo wake ukawa riziki ya watu wengi. Hapa Mjini umeishia kuwa Wamasai wembamba waliosimama safu, picha ile ile duka baada ya duka. Nilimkuta kijana amekaa kizingitini anamalizia safu nyingine, nikamuuliza mbona hachori mitaa yake mwenyewe. Akanijibu bila kuinua brashi: "Ami, Mmasai ndiye anayenilipia kodi." Nikamuacha na kazi yake.

Anayetaka picha za kutia moyoni aende Barabara ya Kenyatta, Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930. Ukuta mzima ni picha nyeusi na nyeupe: mashua bandarini, masultani, harusi, watu wa kawaida na nguo zao za Idi. Nilikaa humo mpaka miguu ikafa ganzi, natafuta sura za watu wetu. Watalii wengi wanaipita wakikimbilia nyumba ya mwimbaji Freddie Mercury pale Shangani. Alizaliwa hapa, sawa, lakini hapa hakutuimbia kitu.

Ngome Kongwe haijatulia tangu Waomani waijenge mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kumtoa Mreno. Ilikuwa gereza, ikawa mahali pa mabibi kucheza tenisi, na miaka ya 1990 ikapata ngazi za mawe za kukalia watazamaji. Tamasha la filamu lilianza 1998, na Sauti za Busara, tamasha la muziki la kila Februari, 2004. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha, na hilo ndilo linalonitisha kuliko hoteli: tamasha linalotegemea wafadhili halina uhakika wa Februari ijayo.

Lakini tamasha ni siku chache tu. Nilitaka kujua kinachofanyika siku za kawaida, Jumanne isiyo na mgeni wala tiketi. Nikaenda Vuga baada ya Isha, kwenye klabu ya taarabu ya Culture, iliyoanza 1958.

Mlango ulikuwa wazi. Viatu nje, ndani mabenchi na feni inayopiga kelele kuliko upepo inaotoa. Mzee wa kanuni, ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi, alikuwa ameiweka magotini, anaiweka sawa sauti. Nyuzi zake hukaa tatu tatu, kila tatu sauti moja, na zikipishana hata kidogo sikio la mzee linakataa. Anatia ufunguo, anazungusha kidogo, anagusa kwa kidole, anarudi ule wa kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha. Wenzake walikuwa wanaingia mmoja mmoja: fidla, udi, akodiani, wa dumbaki, ile ngoma ndogo, amevaa bado shati la kazini. Hakuna aliyelalamika kusubiri. Kanuni ilipokaa sawa, wakaanza wimbo, wakakosea kiitikio, wakarudia. Wakakosea tena pale pale. Mwalimu akasimamisha fidla zote akaziimbia kwa mdomo.

Nyie mnaijua Nyumba ya Opera ya Muscat, iliyofunguliwa 2011. Nimewahi kuingia na dishdasha iliyopigwa pasi, sikuthubutu hata kukohoa. Nzuri mno. Lakini pale niliona kazi iliyokwisha kupikwa. Vuga nilikaa jikoni.

Wengi wa wapigaji wale hawakai Mji Mkongwe. Wanatoka kazini, wanakula, wanapanda daladala kutoka Mwanakwerekwe na kwengineko, na usiku wanatafuta wa kuwarudisha. Mwanzoni nilisikitika. Halafu nikamkumbuka mwimbaji Siti binti Saad: mzaliwa wa Fumba, akahamia mjini akakaa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na kutoka huko ndiko taarabu ya Kiswahili ilikovuka kuingia majumba ya wakubwa, na mwaka 1928 ikafika Bombay kurekodiwa kwenye sahani za santuri. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa ya Malindi ipo tangu 1905, na kidumbaki, taarabu ya mitaani ya Ng'ambo, kikawa kinapiga nyimbo hizo hizo kwa sanduku la chai lenye uzi mmoja. Muziki wa Mji haukuwahi kulala Mjini peke yake. Kinachotakiwa ni chumba kibaki chumba cha mazoezi, kisiuzwe, na daladala ya mwisho isiondoke mapema.

Mabadiliko niliyoyapenda kuliko yote ni ya wasichana. Zamani mwanamke alisimama mbele kuimba, vyombo vikawa vya wanaume. Sasa kuna Tausi, taarabu ya wanawake watupu, na chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha tangu 2002. Mpwa wangu anajifunza kanuni. Ana hasira nayo, anaitukana, anarudi tena kwenye kiti.

Tena amenipa kazi. Nyuzi za kanuni hazipatikani sokoni Darajani, na zake mbili zimekatika. Yeyote anayekuja kabla ya Ramadhani apitie duka la vyombo vya muziki pale Ruwi, Muscat, aulize seti kamili, na risiti aniletee mie, si yeye.